Kutoka drafti hadi glasi
Drafti nimeiacha. Pale Himo njia panda vizibo vya soda vilinitosha miaka mingi, lakini wale wazee wanakufunga huku wakipiga soga, na mtu huchoka kufungwa. Sasa burudani yangu ni kuonja mvinyo wa Dodoma, na majirani wanacheka: Mchaga anayenusa glasi kabla ya kunywa! Wanasahau kwamba huku mlimani kuonja ni jadi. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haipiti koo la mzee kabla hajaipima; msesewe, gome linalotiwa humo, ukizidi, uchungu unang'ang'ania ulimini, na mama aliyeipika anaambiwa palepale. Kwenye mvinyo mwekundu unatafuta karibu jambo hilohilo, ule ukakasi wa maganda ya zabibu unaokausha ufizi. Zabibu nyekundu ya Makutupora inao wa kutosha. Chenin Blanc ni nyeupe, ina ukali wa ndimu, na inataka ubaridi. Tena Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, Ufaransa mara moja tu. Mvinyo ninaoukataa ni ule mtamu, sukari tupu, ingawa mke wangu hataki mwingine, na ndio unaoisha kwanza nyumbani.