Kufyeka majani na kutupa takataka: sheria ipo, kwa nini moto hauishi?

Kila mwaka kiangazi kinapoanza, wakuu wa komini na wa mitaa katika miji mingi ya Kongo wanarudilia mwito mmoja: kila mkaaji afyeke majani kwenye parsele yake na kuondoa takataka mbele ya nyumba. Anayekataa anaahidiwa faini. Lakini moto unaendelea kula nyumba za raia, na hiyo inaleta swali: je, sheria hii inazuia moto kweli?

Sheria yenyewe si mpya. Amri nambari 74/345 juu ya usafi katika miji ilitiwa sahihi tarehe 28 Juni 1959, wakati wa utawala wa Ubelgiji, mwaka mmoja hivi mbele ya uhuru. Baadaye, wakati wa Mobutu, salongo ikaongezwa, ile kazi ya pamoja ya kusafisha. Shida ni kwamba amri ya 1959, kama jina lake linavyoonyesha, inaangalia kwanza afya ya watu. Kuzuia moto ni kazi nyingine, na inaomba mambo mengine.

Tuchukue miji miwili. Huko Lubumbashi, mvua inakatika karibu miezi sita. Katika komini ya Annexe, inayozunguka mji, majani ya parsele zisizojengwa yanakauka, na cheche moja inatosha. Hapo kufyeka kunasaidia sana, kama kunafanywa mapema, mwezi wa tano au wa sita, na kama nafasi ya udongo mtupu inaachwa kati ya majani na nyumba. Mwezi wa tisa, kila kitu kimekwisha kukauka na upepo unabeba moto mbali.

Bukavu ni hadithi nyingine. Katika mitaa ya Kadutu, nyumba za mbao zimebanana mlimani na njia ni nyembamba; gari la kuzima moto haliwezi kupita. Moto wa huko mara nyingi unatoka ndani ya nyumba: makala yaliyoachwa yakiwaka, mshumaa, nyaya za umeme zilizounganishwa ovyo. Mkaaji anaweza kufagia parsele yake kila asubuhi na bado akapoteza kila kitu kwa sababu ya jiko la jirani. Mji huo ulichukuliwa na AFC/M23 mwezi wa Februari 2025, lakini swali hili linamngoja yeyote anayetawala.

Katika miji yote miwili kuna kosa moja linalofanana. Raia anaambiwa aondoe uchafu, lakini haonyeshwi mahali pa kuupeleka. Gari la kubeba takataka halipiti, au linadai pesa ambazo hana. Basi anakusanya majani na plastiki kwenye kona, anawasha kiberiti. Ametii mwito, na moto umeanza.

Kuna pia suala la nani anayelipa. Siku ya ukaguzi, mwenye kukutwa nyumbani ndiye anayeandikiwa faini, mara nyingi mpangaji. Mwenye parsele tupu, anayeishi mbali akingoja bei ipande, hakutwi, ingawa majani yake ndiyo marefu zaidi. Na faini inayotolewa bila karatasi ya malipo, raia anaiona kuwa usumbufu tu.

Sheria ya mwaka 2008 juu ya utawala wa mahali inazipa komini uwezo wa kujiendesha na mfuko wao. Kwa hiyo baadhi ya majibu yako karibu: kutangaza tarehe ya mwisho ya kufyeka mbele majani hayajakauka, kukataza kuchoma takataka na papo hapo kuonyesha pa kuzitupa, kumtafuta mwenye parsele kwenye daftari la ardhi, na kulinda njia za kupitia kati ya nyumba za mbao, pamoja na mapipa ya maji au mchanga kwa kila avenyu.

Bila hayo, panga na fagio vitaendelea kufanya kazi Jumamosi, na familia zitaendelea kulala inje baada ya moto.