Kipima unyevu kimoja kwa wauza kuni wa Bunia

Mnunuzi wa kuni mjini Bunia hulipia fungu kwa macho. Hakuna anayemwambia kwamba kuni za mkaratusi uliokatwa juzi zinaweza kuwa karibu nusu maji. Moto hutumia nguvu zake kuyachemsha maji hayo kwanza, na mama aliyeinamia mafiga huvuta moshi huku sufuria ikichelewa. Kwa familia zilizokimbia vita, kama zile za kambi ya Kigonze, hiyo ni hasara juu ya hasara.

Vyama vya wauza kuni vichangie kipima unyevu. Cha bei nafuu chenye sindano mbili kinatosha. Hupima jinsi umeme unavyopita ndani ya mti, kwa kuwa mti mbichi huupitisha kwa urahisi kuliko mkavu. Hakuna haja ya kulipia kile cha gharama kinachopima bila kuchoma. Muhimu ni betri inayopatikana madukani na sindano za kubadilishwa.

Sindano zisichomwe kwenye gome wala kwenye ncha, maana huko hukauka mapema na namba hudanganya. Gogo lipasuliwe, sindano zikandamizwe katikati ya uso mpya, kufuata nyuzi za mti. Chini ya 20 kwa mia, kuni ziko tayari. Zaidi ya 30, vifaa vya aina hii hubahatisha, lakini jibu ni lilelile: zirudi kwenye uchanja, juu zifunikwe, ubavuni upepo upite.

Mizani nayo husaidia: kipande kisichopungua tena uzito juani kimekauka kadiri hewa inavyoruhusu.