STEM bila karakana ni porojo

Haya wadau, leo ni kelele tu. Asiyependa kelele na apite.

Januari 2026 Kenya ilianzisha Sekondari Pevu. Wanafunzi wa Gredi ya 10 wamegawanywa katika mikondo mitatu, na lengo la serikali ni asilimia 60 hivi waingie STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kwenye orodha ya masomo kuna umeme, ufundi wa chuma, useremala, ujenzi, hata teknolojia ya bahari na uvuvi. Kwenye karatasi ni raha tupu.

Swali langu ni moja: karakana ziko wapi? Kabla hata ya milango kufunguliwa, walimu na wazazi walikuwa wakilalamikia uhaba wa maabara na vifaa.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Huja kwangu vijana, hapa Mji wa Kale, wakitaka kujifunza kazi. Mmoja alinitajia sheria ya Ohm bila kumeza mate, lakini multimita hajapata kuishika. Programu ikimgomea hunitazama mimi, ananisubiri nimpe jibu. Si mjinga, hata kidogo! Miaka yote ameambiwa kwamba kukosea ni kupoteza alama, basi. Uhandisi hauko hivyo. Unaunda, kinaharibika, unauliza kwa nini, unaunda tena. Hayo hayamo kwenye daftari.

Na msiniambie kompyuta itaziba pengo. Mimi ndiye niliyetakiwa kusema hivyo, na nasema haizibi. Waya wa kwenye skrini hauunguzi mtu.

Halafu filamu hii tumeshaiona. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 nao ulitupigia ngoma ya ufundi. Wazazi wakachangishwa harambee kujenga karakana. Nyingi zikabaki kuta bila vifaa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya ufundi yakapunguzwa. Aliyelaumiwa ni nani? Mtoto: “hapendi kazi za mikono.”

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kisiwa hiki kilijua la kufanya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na serikali ya kikoloni walitoa fedha, kikajengwa chuo cha MIOME ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kiko pale pale Tudor. Upande wa pili, Kilindini, kuna kreni, meli na mafundi wanaozitengeneza. Kisiwa chote ni kilomita za mraba 14 hivi! Kutoka Ngome ya Yesu hadi Tudor ni safari moja ya tuktuk.

Kwa hivyo mkiniambia pesa hakuna, nitawajibu hivi:

1. Shule za kisiwani zisijenge kila moja karakana yake duni. Zipewe siku zao kwenye karakana za vyuo, hata kama ni Jumamosi.

2. Fundi wa bandarini, au fundi wa majahazi aliyestaafu, aruhusiwe kufundisha na alipwe. Asidaiwe shahada.

3. Mwanafunzi apewe alama kwa kifaa alichounda, na kwa kueleza kilimshinda wapi.

Hakuna hata moja kati ya hayo inayongoja mkopo wa Benki ya Dunia. Inangoja barua mbili tatu na mtu wa kuzitia sahihi.

Kundi hili la kwanza litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Wana miaka mitatu tu, na hairudi. Mkiwafungia nje ya karakana, basi kuweni waungwana: lifuteni neno uhandisi kwenye orodha, muwaambie wazazi ukweli.

Nimemaliza. Anayepinga aje tubishane, kahawa juu yangu.