Kwa Nini Achague Fani Siku ya Kwanza?

Boom bado, watu wanaingia Yombo na njaa zao, lakini leo sitaki kuongelea hilo. Nataka tuongelee Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, maana nimeona hata sisi tunaosomea ualimu hatuvijui. Juzi kwenye semina mwenzetu mmoja kasema eti ni "vyuo vya waliofeli". Watu wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Tukumbushane kidogo. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, enzi za Mwalimu, na wazo lilitoka kwenye vyuo vya watu vya nchi za Nordiki, hasa Sweden, ambao ndio walitusaidia kuvianzisha. Na huko Ulaya mzizi wake ni Denmark, mwaka 1844, kwenye mawazo ya mchungaji Grundtvig, aliyeona kwamba mtu mzima wa kijijini ana haki ya kusoma bila kutishwa na mitihani. Leo viko zaidi ya 50 nchi nzima, na tangu 2016 viko chini ya Wizara ya Elimu, baada ya kukaa miaka mingi kwenye wizara ya maendeleo ya jamii. Unaingia pale unajifunza ushonaji, useremala, uashi, umeme wa majumbani, ufundi magari, kilimo, upishi. Na vingi vina darasa la QT kwa wale ambao sekondari iliwakatikia njiani, ili baadaye wafanye mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Yaani mkono na kichwa chini ya bati moja. Wamarekani wana vyuo vyao vya jamii tangu 1901 kule Joliet, na wanajivunia. Sisi vya kwetu tunavicheka semina.

Sasa niseme linalonikera. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliacha shule mwaka 2019 akiwa kidato cha pili. Sababu mnaijua, ndiyo hiyo hiyo. Waraka wa kuruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule ulipotoka Novemba 2021, mtoto wake alishaanza kutembea, na yeye alishajiona mkubwa kukaa dawati moja na watoto wa miaka 14. Akakaa nyumbani anauza maandazi. Mwishowe akaenda chuo kimoja cha wananchi huko mkoani, sitakitaja. Alikwenda anataka umeme wa majumbani. Kufika kwenye dirisha la kujiandikisha, aliyekuwa anajaza fomu kamwangalia, kaona ana mtoto mgongoni, kaandika USHONAJI. Basi. Dakika mbili, maisha ya mtu yameshapangwa, na hajawahi hata kushika testa.

Jamani, ushonaji ni kazi nzuri, sina ugomvi na cherehani. Ugomvi wangu ni hiyo haraka. Mtu ametoka nje ya darasa miaka kadhaa, hajui vizuri anaweza nini, hajui karakana inanukaje, halafu unamtaka achague, au unamchagulia, siku ya kwanza! Mimi nasema miezi mitatu ya mwanzo isiwe na fani. Kila anayeingia apite karakana zote, wiki mbili mbili, ashike randa, ashike mwiko wa uashi, afunge waya kwenye soketi mbele ya mwalimu, akae kwenye cherehani. Na katikati ya hayo asome hesabu, Kiswahili na Kiingereza cha kuanzia. Baada ya hapo ndiyo aulizwe anataka nini.

Kuna wanaosema hesabu za nini kwa fundi cherehani. Haya, mwambie akate sketi ya duara zima. Kiuno ni sentimita 70. Ili upate nusu kipenyo cha lile tundu la kiunoni lazima ugawe 70 kwa 6.28, unapata 11 na kidogo. Hiyo ni mara mbili ya pai, ile ile tuliyokuwa tunaikariri bila kujua kazi yake. Na fundi uashi anapotaka kona ya nyumba ikae mraba anapima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, halafu anaangalia kama mshazari unakuja 5. Pythagoras huyo, kavaa ndala. Zege la 1:2:4 ni uwiano. Hesabu ziko karakana tayari, tatizo hakuna anayeziita kwa jina lake.

Badala yake ratiba ya mdogo wangu iko hivi: asubuhi mpaka saa nane karakana, halafu jioni, wakati mtoto analia na yeye mgongo unauma, ndiyo darasa la QT, na hesabu ni za ubaoni tu, x na y, kama vile cherehani ya asubuhi ilikuwa ndoto. Walimu wawili hawajawahi kukaa meza moja. Halafu tukiona wanaacha QT tunasema hawana nia! Vipo vyuo vilivyojitahidi, niseme ukweli. Mpango wa Elimu Haina Mwisho uliunganisha ufundi, masomo ya sekondari na hata sehemu ya kulelea watoto wa wanachuo. Kwa hiyo inawezekana, tusiambiane ni ndoto za Mlimani.

Na sisi je? Tunakariri Elimu ya Kujitegemea ya 1967 kwa ajili ya mtihani, tunaandika insha kurasa nane, tunapata B+. TP yangu nilipangiwa sekondari, na wenzangu wote ninaowajua vivyo hivyo. Kwa nini tusipelekwe na huko? Mwalimu wa hesabu akikaa wiki nane jirani na karakana ya useremala atarudi mtu mwingine. Najua mtaniambia posho, usafiri, nani atatukagua. Sawa, lakini kuna aliyewahi hata kuuliza?

Jumapili mama mdogo kanipigia. Anataka nimshauri mwanangu (ndivyo anavyomwita, mwanangu na mwanao) aache QT, ashone tu, hela iingie nyumbani. Simlaumu, unga haungoji cheti. Nikaongea na mwenyewe. Kaniambia, "Dada, kushona nitashona. Ila nikiacha QT, umeme ndiyo basi tena." Nimemwambia mama mdogo asubiri mtihani upite, tumebishana karibu nusu saa, salio likakata.

Kwa hiyo wadau, mwenye vitabu vya Hisabati na Kiingereza vya kidato cha kwanza na cha pili, hata vimechanika, aniletee kabla ya Ijumaa. Kuna mtu anasafiri kwenda huko Jumamosi alfajiri.