Si Kweli Kwamba Vijana Wamedekezwa

Wazee wetu wanasema vijana wa leo wamedekezwa, kwamba wao wazee ndio waliokula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano, wakavaa katambuga za matairi na kupanga foleni ya sukari. Hayo siyabishii. Baada ya Vita vya Kagera sabuni na khanga viliadimika, na aliyelea watoto miaka ile anastahili heshima. Ninachokataa ni madai yanayofuatia.

La kwanza, "Kazi zipo, mnachagua." Miaka ya sabini aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipangiwa kazi. Wasomi walikuwa wachache, na wizara na mashirika ya umma yaliwahitaji. Leo kijana mwenye shahada ya ualimu anakwenda kwa mkuu wa shule kuomba kujitolea. Anapewa Hisabati, mikondo mitatu, madaftari ya kusahihisha hadi usiku, na posho inayotegemea michango ya wazazi. Nafasi za serikali zikitangazwa anaingia kwenye usaili na maelfu ya wenzake, akikosa anarudi darasani kulekule. Huyu amechagua nini? Kazi anaifanya kila siku, anachokosa ni mshahara.

La pili, "Mmesomeshwa bure." Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, na ni jambo jema sana. Chuo kikuu ni habari nyingine. Wazee walisomeshwa na serikali, wala hawakudaiwa fedha baadaye. Kijana wa leo, akibahatika, anasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe.

Halafu lile la nyumba: "Umri wenu tulishajenga." Walijenga, ndiyo. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni jijini Dar es Salaam palipimwa viwanja kwa mradi wa serikali na Benki ya Dunia, na Benki ya Nyumba ilikuwepo kukopesha, hadi ilipokufa mwaka 1995. Na watu walikuwa wachache: sensa ya 1967 ilikuta jiji hilo lina watu 270,000 hivi. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Leo kupata chumba tu mara nyingi ni kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja.

Wanasema pia simu imeturahisishia maisha. Kweli, inarahisisha kutuma maombi ya kazi, kwa kila mwombaji. Ndiyo hiyohiyo ambayo shangazi anaipigia kuomba hela ya dawa.

Baadhi ya wanaotuambia tuvumilie ni wajumbe wa bodi za shule, na wengine ni wenye nyumba. Mjumbe aulize kikao kijacho mwalimu wa kujitolea alilipwa lini mara ya mwisho. Mwenye nyumba akubali kodi ya mwezi kwa mwezi.