Mpangaji naye ana shamba

Ndugu msomaji, Jumapili iliyopita tulizungumzia namna ya kuhifadhi chakula wakati wa joto. Leo nataka tuzungumze juu ya mboga za majani, lakini si zile za sokoni wala za shamba la mbali. Nataka tuzungumzie mboga ziwezazo kuota ndani ya ndoo iliyotoboka, mlangoni pa mtu mwenye chumba kimoja cha kupanga. Ninayo sababu ya kulileta jambo hili.

Mwaka jana mama mmoja, jirani yangu katika nyumba tuliyopanga Manzese, alirejea kutoka kliniki na mwanawe wa miaka minne. Mtoto alikuwa amepimwa na kukutwa na upungufu wa damu. Alipewa dawa, na muuguzi akamwusia mama ampe mtoto mboga za majani kila siku, pamoja na dagaa, maharage na matunda. Mama yule aliketi barazani akaniambia, "Dada, dawa nimepewa. Hiyo mboga ya kila siku ndiyo sijui nitaitoa wapi. Nikinunua mafungu mawili leo, kesho sina ya nyanya. Na huo mchicha wenyewe siujui umenyweshwa maji gani."

Maneno yale ya mwisho yalinikaa moyoni, kwa kuwa hakuwa akisema ovyo. Mwaka 1999 ulichapishwa uchunguzi wa mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, mito ipokeayo maji machafu ya viwanda na ya majumbani katika jiji la Dar es Salaam. Mboga hizo zilikutwa na madini mazito, yakiwamo risasi na kadimiamu. Vijidudu vya uchafu huweza kupunguzwa kwa kuosha mboga vizuri na kuipika, lakini risasi iliyokwisha kuingia ndani ya jani haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Si haki kumlaumu mkulima wa bondeni, ambaye naye anatafuta riziki kwa maji aliyoyapata. Lakini mama mwenye mtoto mgonjwa anayo haki ya kujua anampa nini.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya mwaka 1974, ambapo wakazi wa mijini nao walihimizwa kulima kila kipande cha ardhi kilichokuwa wazi. Vingi vya vipande hivyo sasa vimejengwa. Mpangaji hana kiwanja, na ua wa nyumba ni wa watu wote. Hata hivyo, ndoo ni yake. Akiijaza udongo mwema, lile ni shamba lake.

VYOMBO

Chombo chochote kinachoweza kushika udongo na kupitisha maji chafaa: ndoo ya lita 20, debe, beseni lililopasuka, au kiroba cha unga. Kikatae chombo kilichowahi kutiwa dawa ya wadudu, rangi au mafuta ya mashine, hata ukikiosha mara kumi. Tutakuwa tumekimbia sumu ya mtoni na kuikaribisha mlangoni.

Kina cha chombo hutegemea mmea. Mchicha hutosheka na udongo wa sentimita 15 hadi 20, yaani kama shubiri moja. Sukuma wiki, chainizi na figiri huhitaji sentimita 25 hadi 30. Nyanya na bilinganya ni wachoyo. Kila mche upewe ndoo yake nzima ya lita 20. Matembele hayana makuu: chomeka vipande vya shina katika kiroba, nayo yatatambaa na kukupa majani kwa miezi mingi.

Toboa matundu sita hadi manane chini ya ndoo, kila moja liwe na upana wa kidole kidogo, kisha uyafunike kwa vigae vya chungu ili udongo usimwagike. Watu wengine hujaza kokoto chini wakidhani zitakausha maji. Kokoto hazisaidii, hupunguza tu nafasi ya mizizi. Kilicho muhimu ni ndoo kuinuliwa juu ya matofali mawili ili maji yapate njia ya kutoka.

UDONGO NA MBOJI

Usichote udongo kando ya barabara kuu, karibu na gereji, wala mahali palipochomwa takataka za plastiki. Tafuta udongo wa juu, mweusi, wa mahali panapoota majani mazuri. Changanya sehemu mbili za udongo huo na sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza vizuri. Kama udongo ni wa mfinyanzi, ongeza sehemu moja ya mchanga usio wa baharini. Kama ni wa kichanga, kama ulivyo udongo wa sehemu nyingi za Dar es Salaam, acha mchanga na uongeze mboji. Kisha lowesha kidogo, ufumbate konzi moja na uifungue. Udongo mwema hushikamana, lakini ukiugusa kwa kidole huvunjika.

Mboji hutengenezwa kwa vitu tunavyovitupa kila siku: maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mboga, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyopondwa. Tafuta pipa au ndoo kubwa iliyotobolewa pande zote. Kila utiapo tabaka moja la mabichi, lifunike kwa matabaka mawili au matatu ya makavu, kama vile majani makavu au vipande vya maboksi. Usitie nyama, samaki wala mafuta, kwani vitaleta panya, inzi na ugomvi na majirani. Geuza kila baada ya wiki moja au mbili, na pipa liwe na unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Likinuka, limelowa mno, ongeza makavu. Baada ya miezi mitatu hivi utapata kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya ardhi baada ya mvua.

Hapa sina budi kuungama kosa langu. Nilipoanza kilimo hiki sikuwa na subira. Nilipata samadi ya kuku ikiwa bado mbichi, nikaichanganya na udongo, na siku ileile nikapandikiza miche kumi na miwili ya sukuma wiki. Kufika siku ya nne, yote ilikuwa imeungua kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Samadi ya kuku ni kali mno. Mbichi huunguza mizizi na huweza kubeba vijidudu vya maradhi. Iache ioze pamoja na majani makavu kwa miezi mitatu au zaidi ndipo uitumie. Mwenye haraka na aanze na kiasi kidogo cha mboji aliyoinunua au kuomba kwa aliyetangulia.

MBEGU NA MAVUNO

Anayeanza na aanze na mchicha, kwa sababu hauchelewi kumtia moyo. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo zichanganye na mchanga mkavu, uzinyunyize juu ya udongo uliolowa, na uzifunike kwa udongo mwembamba tu. Miche ikichomoza, ipunguze ili isibanane. Hiyo uliyoing'oa nayo ni mboga. Baada ya wiki tatu hadi nne utaanza kuvuna. Usiung'oe wote. Kata juu, uache shina lenye majani mawili au matatu, nao utachipua tena.

Siri ya kupata mboga mfululizo ni kutopanda ndoo zote kwa siku moja. Ukiwa na ndoo nne, panda moja kila wiki. Ya nne itakapokuwa inachipua, ya kwanza itakuwa tayari kwa kisu.

Nisikudanganye, ndugu msomaji. Ndoo sita hazitaishibisha familia ya watu sita kwa siku saba. Kwa matunzo mazuri, tegemea mlo mmoja au miwili kwa wiki, pamoja na nyanya na pilipili za kukoleza mchuzi. Lakini kwa mtu mwenye kipato kidogo, siku mbili za kutokwenda sokoni si jambo dogo. Mboga uliyoichuma saa kumi na moja jioni na kuila saa moja usiku ina ladha na ubora ambao fungu lililoshinda juani halina. Ipike kwa muda mfupi, na utie mafuta kidogo, kwani mwili huipata vyema vitamini A ya mboga penye mafuta. Kula pamoja na chungwa au kipande cha embe, ili madini ya chuma yaingie mwilini kwa urahisi zaidi.

MAJI NA JUA

Mboga za majani huhitaji jua la saa nne au zaidi kwa siku. Nyanya na bilinganya zataka saa sita. Ndoo hukauka upesi kuliko shamba, hususan Januari na Februari. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, acha. Ukikuta pakavu, mwagilia mpaka maji yaanze kutoka chini. Maji ya kuoshea mchele au mboga yanafaa. Maji ya sabuni ya unga na ya visima vya chumvi huudhuru mmea.

Jambo moja la hatari: usiweke sahani ya maji chini ya ndoo na kuisahau. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga katika maji machache ya namna hiyo, na wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau milipuko ya mwaka 2014 na 2019. Maji yaliyotuama yamwagwe.

WADUDU

Mimea michache ina fadhila moja: mwenyewe waweza kuikagua yote kwa dakika tano. Geuza majani kila asubuhi. Vidukari wakiwa wachache, waondoe kwa vidole au kwa maji. Wakizidi, saga kokwa za mwarobaini zilizokauka na kumenywa, gramu 50 kwa kila lita moja ya maji, uloweke usiku kucha, uchuje, utie sabuni kidogo ya mche, kisha unyunyize jioni, kwa kuwa jua huidhoofisha dawa hii. Acha siku chache kabla ya kuchuma, na uoshe mboga vizuri. Dawa hii si ya kunywa. Iweke mbali na watoto. Jani lenye ugonjwa likate na ulitupe mbali, usilitie katika pipa la mboji.

MAMA YULE

Sasa narudi kwa jirani yangu. Alianza na ndoo mbili za zamani na kiroba kimoja. Siku ya tatu mwenye nyumba akaja juu: ukuta wake utaoza, na ua utajaa tope. Mama hakubishana naye. Alimwamkia, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba apewe mwezi mmoja wa majaribio. Alizisogeza ndoo mbali na ukuta kwa hatua mbili, akaziinua juu ya matofali, na kila asubuhi akaufagia ua wote, si upande wake tu. Mwezi ulipotimia alimpelekea mwenye nyumba fungu la mchicha. Shauri likaishia hapo, na wapangaji wengine wawili nao wakatafuta ndoo.

Mtoto alirudishwa kliniki kupimwa, na damu yake ilikuwa imeongezeka. Sitasema kwamba mchicha wa ndoo ndio uliomponya. Dawa alizimeza mpaka zikaisha, na dagaa alikula. Ninachosema ni kwamba lile agizo la muuguzi, lililomkalisha mama barazani akiwa amekata tamaa, aliweza kulitimiza kwa sehemu kwa mikono yake mwenyewe.

Kabla ya masika ya mwaka huu kodi ilipanda, na mama yule akahamia Mbagala. Nilimsaidia kupakia. Kitanda kilitangulia, kisha sufuria, na mwisho kabisa ndoo sita na udongo wake, na mche mmoja wa nyanya wenye maua, ambao mtoto aliukumbatia njia nzima ili usivunjike. Ametuma salamu kwamba nyanya zile wamekwisha kuzila.

Basi, mpangaji mwenzangu, kabla ya Jumapili ijayo tafuta ndoo moja tu, uitoboe. Ukiwa tayari na udongo, mbegu utazipata. Wiki ijayo nitamjibu msomaji wetu wa Buguruni anayeuliza kwa nini nyanya zake huoza kitako kabla ya kuiva. Hadi hapo, nawatakieni Jumapili njema na meza yenye majani mabichi.