Tuujaribu Mpango Kabla ya Kuutekeleza

Mwaka 1969, alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya mkutano wa TANU, Mwalimu Julius Nyerere aliwakumbusha wajumbe kwamba kupanga ni kuchagua. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi mno katika semina hata yamekuwa kama salamu. Lakini yana sharti ndani yake ambalo halikumbukwi sana: hawezi kuchagua mtu aliyewekewa kitu kimoja mezani. Kiongozi anayeletewa mpango mmoja, wenye hesabu za namna moja, kisha akaombwa autie sahihi, hakuchagua lolote. Amekubali tu.

Huu ndio udhaifu wa mipango yetu mingi ya uzalishaji. Imeandikwa kana kwamba mvua itanyesha kwa wakati, umeme hautakatika, vipuri vitashuka bandarini siku iliyotajwa na fedha zitatoka Hazina bila kuchelewa. Kila jambo likienda kama lilivyoandikwa, lengo litafikiwa. Sasa tujiulize: ni nani kati yetu aliyepata kuuona mwaka wa namna hiyo?

Viwanda vingi duniani leo hupanga kazi zao kwa programu za kompyuta. Ndani yake huwekwa orodha ya bidhaa zinazotakiwa, malighafi inayohitajika, uwezo wa kila mashine, saa za kazi, akiba iliyo ghalani, na muda ambao kila kitu huchukua tangu kuagizwa hadi kufika. Faida yake kubwa ni kujibu swali la "je, ikiwa?" Mpangaji hutengeneza nakala ya mpango, hubadili jambo moja katika nakala hiyo, na programu hukokotoa upya yote yanayotegemea jambo hilo. Mpango wenyewe haukuguswa. Hakuna mfanyakazi aliyepunguzwa wala gunia lililoharibika. Hasara yote imetokea katika hesabu, na hapo ndipo mahali nafuu pa hasara kutokea.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda cha sukari kinasaga tani 2,000 za miwa kwa siku, na katika kila tani 10 hupatikana tani 1 ya sukari. Kikifanya kazi siku 200 kitatoa tani 40,000. Je, ikiwa mvua itafunga mashamba kwa siku 40? Zitapatikana tani 32,000. Je, ikiwa siku hazikupotea, bali utamu wa miwa umeshuka hata sukari ikawa asilimia 9 ya miwa badala ya 10? Zitapatikana tani 36,000. Na je, yote mawili yakitokea pamoja? Zitabaki tani 28,800. Pengo ni tani 11,200, zaidi ya robo ya lengo.

Tuendelee kuuliza. Meneja anapendekeza kinu kipya kitakachoongeza uwezo wa kusaga kwa tani 500 kila siku. Je, ikiwa magari yaliyopo hayawezi kuleta zaidi ya tani 2,000? Kinu hicho hakitaongeza hata kilo moja ya sukari. Jaribio la dakika chache limeonyesha kwamba fedha ziende kwenye barabara za shambani na magari. Hesabu hizi mwalimu yeyote anaweza kuzifanya ubaoni. Kazi ya kompyuta ni kuzifanya kwa mamia ya bidhaa na mashine kwa wakati mmoja, bila kuchoka.

Mfano huo hauko mbali na maisha yetu. Mwezi Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba mvua za vuli zingezidi kiasi kwa sababu ya El Nino. Mvua zikaja, mashamba ya miwa yakajaa maji na viwanda vikakwama. Mwanzoni mwa mwaka 2024 bei ya sukari ilipanda, na Serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi na kuruhusu sukari iagizwe kutoka nje. Mvua haiwezi kulaumiwa. Linalopasa kuulizwa ni hili: tangazo lile la Agosti liliingizwa katika mipango mingapi ya uzalishaji? Meli ya sukari haifiki siku inapoitwa. Anayelijua pengo mwezi Septemba ana nafasi ya kuchagua; anayeligundua Januari hana.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya makampuni ya kibepari. Historia inawakanusha. Mwaka 1939, mwanahisabati Leonid Kantorovich wa Leningrad, nchini Urusi ya Kisovieti, alitatua tatizo la kiwanda cha mbao kuhusu namna ya kuzigawa kazi baina ya mashine zenye uwezo tofauti. Njia yake ni miongoni mwa misingi ya hesabu za mipango zinazotumiwa hadi leo, na mwaka 1975 ilimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Taifa linaloamini katika kupanga ndilo lenye haja kubwa zaidi ya kuijaribu mipango yake.

Hata hivyo, programu haijui kuuliza. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa katika miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia, kikitarajiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza sehemu kubwa Ulaya. Hakikupata kuvuka asilimia chache za uwezo wake, na uzalishaji ulikoma mwaka 1990. Jengo lake lilikuwa na kuta za alumini, bila mpango wa kupitisha hewa, katika joto letu hili. Je, ikiwa wanunuzi wa Ulaya hawatavitaka viatu hivyo? Je, ikiwa wafanyakazi hawataweza kukaa ndani ya jengo hilo? Maswali hayo yalihitaji mtu wa kuyauliza na mkubwa wa kuyasikiliza.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa miaka mingi, basi, upungufu wa vyombo ulikuwa udhuru. Leo kompyuta ziko katika kila wilaya. Kinachotukwamisha ni tabia mbili. Ya kwanza ni takwimu za kupamba: mashine iliyolala huandikwa kwamba inafanya kazi, na programu ikilishwa uongo hutoa uongo ulionyooka. Ya pili ni woga. Afisa mipango anayeonyesha kwamba lengo halitafikiwa huonekana mpinzani wa lengo, kumbe ndiye mlinzi wake.

Hapana budi, basi, kila mpango wa uzalishaji unaopelekwa kwenye bodi au wizara uambatane na angalau majaribio matatu: mvua ikiharibika, umeme ukipungua, fedha zikichelewa. Kila jaribio lieleze makisio yake, na litaje ni dalili gani ikionekana nani achukue hatua gani. Nao walimu wawazoeshe vijana kuibadili hesabu na kuuliza ingekuwaje, badala ya kukariri jibu moja.

Wahenga walisema mipango si matumizi. Dira ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa mwezi Julai 2025, itazaa mipango mingi ya viwanda na mashamba. Atakayetiliwa mashaka katika vikao vyake asiwe yule anayeuliza "je, ikiwa?" Awe yule anayeleta mpango ambao haujaulizwa swali hilo hata mara moja.